Seva Inayokufa Saa Nne

Bwana Fremu alikuwa ameandika kila kitu. Alitoa karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya meza ya kazi kati ya vipande vya mbao na vioo, akamsogezea Inspekta. Seva ya studio ilikuwa imekufa mara saba katika wiki tatu. Mara zote saba yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kununua mbao. Mara zote saba mkewe alimpigia simu Fundi wa kompyuta. Na mara zote saba Fundi alikuja, akaingia stoo, mlango ukafungwa, na seva ikapona.

"Ikapona," alirudia, akaigonga karatasi kwa kidole chenye gundi kavu.

Jana kwenye simu alikuwa amezungumzia hujuma. Alisema kuna mtu anaharibu mashine ya kuhifadhia picha na kazi ya mkewe inakwenda na maji. Inspekta aliacha polisi miaka minne iliyopita, kitengo cha makosa ya kompyuta, ingawa watu wamekataa kumvua cheo, na asubuhi hii alikuja na begi la nyaya akitarajia mhalifu wa kawaida. Sasa alimtazama mtu huyu mnene, mpole wa sura, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, akaelewa kwamba mwizi anayetafutwa hapa haibi picha.

"Sikukuita utengeneze mashine," alisema Bwana Fremu. "Nimekuita uniambie ni nani anayeizima. Kama ni yeye, ili apate sababu ya kumwita yule kijana, niletee ushahidi tu. Leo hii hii anarudi kwa kaka yake."

Aliyasema hayo bila kushusha sauti, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa mbao alioujenga mwenyewe kutenganisha karakana yake na stoo ya studio. Inspekta alimuuliza kama amewahi kuwakuta katika jambo lolote. Hajawahi. Kama kuna mtu aliyemwambia. Hakuna. Lakini roho ilikuwa inamuuma, na roho yake haijawahi kumdanganya.

"Juzi imekufa saa nne na dakika kumi na mbili," alisema. "Mimi nimetoka saa nne kamili. Dakika kumi na mbili, Inspekta. Hata barabara kuu sijaifikia."

Inspekta aliandika muda huo kwenye kijitabu chake. Aliijua hesabu ya namna hiyo. Wakati alipokuwa na mume, naye alihesabu dakika za kutoka kazini mpaka nyumbani, akaziandika, akazilinganisha, na alikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Siku hizi anaishi peke yake na saa moja ya ukutani.

Studio ilikuwa mbele ya jengo, na yote ilikuwa ya mke. Yeye ndiye mpiga picha, watu wanamwita Mama Picha, na mumewe hutengeneza fremu za picha anazopiga. Inspekta alipoingia alikutana naye akitoka stoo na boksi la karatasi mikononi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kidogo, macho mekundu ya kukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Alimsalimu kwa adabu, akasema ameambiwa na mumewe kuhusu ukaguzi, akarudi kwenye kompyuta yake. Kabla ya kuketi alichukua kitu kidogo cheusi mezani, akakitumbukiza ndani ya mkoba na kuvuta zipu. Inspekta alikuwa anatazama kwingine, au alijifanya hivyo.

Mapokezi palikuwa na dada mmoja mwenye mwandiko mzuri na daftari la matatizo. Kila hitilafu aliiandika humo: taa iliyoungua, printa iliyokwama, seva iliyopotea. Inspekta alitafuta ya juzi. Iliandikwa saa nne na robo. Akafungua na nyingine sita. Saa tano kasoro robo, saa nne na nusu, zote zimekatwa robo robo, kwa sababu Dada wa Mapokezi alitazama saa ya ukutani na hakuwa na haraka ya dakika.

Alimuuliza kama Bwana Fremu husoma daftari hili. Dada alicheka kidogo. Bwana hagusi kitu cha upande huu, alisema. Agizo lake ni moja tu: Fundi akitia mguu mlangoni, apigiwe simu mara moja. Basi hupigiwa, na haichukui muda atakuwa amerudi, jasho linamtoka, bila hata ubao mmoja mkononi.

"Seva ikifa je, unampigia?"

"Hapana, Inspekta. Hilo hajawahi kuniambia."

Inspekta alichora mstari chini ya zile dakika kumi na mbili.

Stoo ilikuwa chumba cha hatua tatu kwa nne. Upande mmoja kulikuwa na rafu za karatasi na wino, upande wa pili meza ndogo, na juu yake seva yenyewe: sanduku jeusi lenye diski nne ndani, ambamo kompyuta zote za studio huweka picha zao kupitia mtandao wa ndani. Nyuma yake nyaya zilishuka kwa mstari mmoja mpaka kwenye swichi ya mtandao, zimefungwa kila baada ya shubiri, kila moja na kibandiko chake. Hata seva ilikuwa na kibandiko usoni, na namba yake ya mtandao imeandikwa kwa herufi za wino mweusi zilizosimama wima. Inspekta aliona kijicho waziwazi. Nyaya za nyumbani kwake zilikuwa fungu moja nyuma ya televisheni, na hakupenda mtu mwingine awe safi kiasi hiki. Alijikuta akitamani mhalifu awe Fundi.

Alianza kazi. Mashine iliyopotea mtandaoni ina sababu chache za kawaida, na yeye huzikamata moja moja na kuzihoji. Umeme ulikuwa mzuri, na betri ya akiba ilibeba sanduku lile alipochomoa plagi. Kebo aliibadilisha kwa ya kwake, hakuna tofauti. Tundu la swichi alilihamisha, hakuna tofauti. Diski zote nne zilitoa ripoti ya afya njema, hakuna iliyokuwa ikipiga kelele wala kuwasha taa nyekundu. Nafasi ilikuwa bado robo nzima. Joto lilikuwa la kawaida, kwa sababu ukutani kulikuwa na kiyoyozi kidogo na mlango wa stoo ulikuwa na mkono wa chuma unaoufunga wenyewe ili baridi isitoke. Alijaribu kuuacha wazi mara tatu na mara tatu ulijifunga. Hilo nalo aliliandika.

Hapakuwa na kingine cha kutazama isipokuwa picha ya harusi kwenye ukuta wa mbao, iliyoning'inizwa kuelekea mezani. Bwana Fremu akiwa mwembamba, Mama Picha akiwa anacheka mdomo wazi na shela limekaa upande, kama aliyefika mbele ya kamera kwa kukimbia. Fremu yake ilikuwa nzito, nene kuliko zote zilizouzwa kule mbele. Inspekta alifikiri picha nzuri hivyo imepewa mahali pabaya, akarudi kwenye kazi yake.

Kumbukumbu za seva zilimkera zaidi. Katika siku zote saba mashine haikuwa imezimika yenyewe hata sekunde moja. Ilizimwa na kuwashwa baadaye tu, kila mara na mtu aliyeingia kwa nenosiri la Fundi.

Alimwita Fundi, akafika saa tatu na nusu. Alikuwa kijana wa thelathini, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, ananukia marashi. Nyuma yake, kwenye dirisha dogo la karakana linalotazama uani, uso wa Bwana Fremu ulikuwepo kisha haukuwepo. Inspekta alimkalisha Fundi mapokezi, mbele ya watu wote, akamuuliza anafanya nini hasa anapoitwa.

Fundi alieleza kebo, alieleza swichi, alieleza diski, na maelezo yake yalikuwa safi kama nyaya zake. Inspekta alimwacha amalize. Kisha akauliza tena, polepole: ni kipi kati ya hivyo kilichoiponya?

"Sijui, Inspekta. Nafika, nakagua, nazima, nawasha. Nikiwa bado hapo inarudi. Wakati mwingine hurudi hata kabla sijaigusa."

"Na hukumwambia mteja?"

"Ningemwambia nini? Mama ananisifu mbele ya watu, anasema nina mkono wa dawa. Nikatae sifa?"

Inspekta alimwuliza kuhusu kitu cheusi mkobani. Fundi aliposikia hilo alikunja uso kwa woga wa kweli. Ilikuwa diski ya kubebeka, alisema, na ni yake, amemwazima Mama Picha. Seva imemtia mama hofu, kila jioni ananakili picha za siku hiyo na kulala nazo nyumbani. Alimwomba Inspekta asimwambie Bwana Fremu, maana siku hizi anahesabu hata glasi za maji ambazo Fundi amekunywa hapa.

Mama Picha aliletewa swali hilo hilo. Hakubishana. Alifungua mkoba, akachomeka diski kwenye kompyuta ya Inspekta, akarudi kwenye kiti chake. Zilikuwa nakala za picha tu, siku kwa siku, wiki tatu. Bi harusi, wanafunzi, mtoto asiyetaka kutabasamu. Ushahidi ambao Inspekta alikuwa ameutamani ulikuwa mwanamke anayelinda kazi yake na fundi anayeona aibu.

Alibaki na kitu kimoja, dakika kumi na mbili. Saa nne kasoro dakika tano alikwenda karakana, akamwomba Bwana Fremu atoke kama kawaida, aende mbali, amwachie yeye jumba lote. Fundi yupo, alimwambia, na atabaki. Bwana Fremu alisema ni vizuri, atachukua funguo tu, na alichukua muda kuzichukua. Inspekta alimsikia kupitia ukuta wa mbao akizunguka karakana, kisha mlango wa uani ukafungwa.

Aliwapanga. Fundi mapokezi, mikono juu ya meza. Dada wa Mapokezi mbele yake. Mama Picha kwenye kompyuta yake, akiendelea na picha za harusi, mlango wa studio wazi ili wote waonane. Yeye mwenyewe aliketi stoo, na hakuna aliyeruhusiwa kumfuata.

Saa nne na dakika tisa, Mama Picha alisema kwa sauti iliyochoka kwamba imeondoka.

Inspekta aliitazama seva. Taa zote za kijani. Feni inazunguka. Alichomeka kebo fupi kutoka kwenye seva moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta yake, bila kupitia swichi, na ikafunguka palepale, bi harusi na shela lake lote. Kwa hiyo haikufa, na haikuwahi kufa. Ilikuwa hapa, nzima, inangoja kuitwa, lakini kule nje ilipoitwa hawakuifikia.

Akarudi kwenye mtandao. Kila mashine ndani ya jengo ina namba yake, na barua za mashine hufuata namba hiyo kama namba ya mlango wa nyumba. Akauliza mtandao mzima: ni nani mwenye namba hii iliyobandikwa kwenye uso wa seva?

Wakajibu wawili.

Aliuliza tena, wakajibu wawili tena. Namba ya mtandao mtu anaweza kuiandika apendavyo, lakini kila kifaa kina namba nyingine iliyopigwa kiwandani, ambayo hakigawani na mwenzake. Ya kwanza aliikuta chini ya sanduku la seva. Ya pili ilikuwa ya mgeni. Alifungua orodha ya ruta, kifaa kinachogawa mtandao wa jengo, akaitafuta, na kuikuta haina waya, imejiunga kwa mawimbi saa nne na dakika mbili. Mara tu mwenye nyumba alipotoka.

Hapo ndipo alipogeuka na kuitazama picha ya harusi. Nani hutundika picha kama hiyo stoo, kati ya wino na kiyoyozi, mahali ambapo hakuna mgeni wa kuiona? Akaenda karibu. Kwenye ubao wa chini wa fremu, ndani ya ua lililochongwa, kulikuwa na tundu dogo kuliko punje ya mtama. Aliweka kiganja. Mbao ilikuwa na joto. Aliinamisha fremu kidogo tu, na nyuma yake akaona kamera iliyozamishwa kwa ustadi mkubwa, na waya mwembamba wa umeme uliopenya ukuta wa mbao kuelekea karakana.

Hakuing'oa. Alitoka mlangoni, akamwita Mama Picha kwa kidole, akamwonyesha. Mama Picha alipofungua mdomo, Inspekta alimwashiria anyamaze na angoje. Akapaza sauti kwa wengine waendelee kukaa kama walivyokaa, na waseme kompyuta itakapobadilika.

Walingoja, na hata dakika kumi hazikufika. Mlango wa uani ulifunguliwa. Hatua nzito zikapita upande wa pili wa ukuta, na palepale, shubiri chache kutoka masikioni mwao, swichi ya umeme ikabofya.

Kwenye kompyuta ya Inspekta jibu la pili lilitoweka. "Imerudi," Dada wa Mapokezi aliita kutoka mbele. "Hakuna aliyegusa, Inspekta. Fundi mikono yake hii hapa."

Bwana Fremu aliingia stoo akihema, macho yakimtafuta Fundi nyuma ya mlango, na badala yake akamkuta mkewe ameishika fremu kifuani, waya unaning'inia.

"Namba ya kamera," Inspekta alimuuliza, "uliitoa wapi?"

Alijaribu kusema kamera gani. Kisha akaona hakuna faida.

"Iliniomba namba. Mimi sijui mambo hayo. Nikaandika ile iliyobandikwa kwenye sanduku, kwa sababu hiyo niliona inafanya kazi."

Inspekta alimweleza kwa maneno machache. Vifaa viwili havikai kwenye namba moja. Kila alipowasha kamera, ilijibu kwa namba ya seva, na studio ikapoteza picha zake. Na yeye mwenyewe, huko barabarani na simu mkononi, alipoteza yake, maana vilikuwa vinanyang'anyana. Ndiyo sababu alijua dakika ambayo hakuna mtu aliyemwambia. Seva ikipotea, Fundi anaitwa. Fundi akifika, simu inapigwa, naye anarudi mbio na kuzima kamera ili isionekane. Seva inapona mikononi mwa Fundi, na Fundi anasifiwa.

"Umeniuliza ni nani anayeizima mpaka Fundi aitwe hapa," alisema. "Ni wewe. Mara saba, na leo ya nane."

Bwana Fremu alikaa juu ya boksi la karatasi. Mkewe hakupandisha sauti.

"Umeona nini humu, mume wangu?"

"Stoo tupu," alisema. "Halafu giza."

"Wiki tatu?"

"Nilidhani mnaiziba."

Mama Picha aliilaza fremu mezani, kando ya seva. Alikunja vibanio vya nyuma kimoja kimoja kwa ukucha, bila haraka, akatoa ubao, akatoa karatasi, akaivuta picha. Aliipuliza vumbi.

"Hii niliipiga mwenyewe," alimwambia Inspekta. "Niliweka kamera juu ya kiti, nikabonyeza, nikakimbia kwenda kusimama kando yake. Ndiyo maana nacheka." Kisha akamgeukia mumewe, akamkabidhi fremu tupu na waya wake. "Hii ni kazi ya mikono yako. Chukua."

"Mke wangu."

"Ukuta ni wa mbao. Nilikuwa humu asubuhi, nachukua karatasi. Ulisema ushahidi ukipatikana, leo hii hii narudi kwa kaka yangu." Alitia picha mkobani, kando ya diski ya kuazima, akavuta zipu. "Umepatikana."

Alipita mapokezi, akamwambia Dada aandike kwenye daftari kwamba tatizo la seva limekwisha, akamwomba Fundi amalizie kuzituma picha za harusi kwa wenyewe. Mlango wa mbele ulifunguliwa, ukafungwa. Mlango wa stoo ulijifunga taratibu kwa mkono wake wa chuma, na Bwana Fremu aliutazama mpaka mwisho.

Alibaki ameshika fremu magotini, kidole kikigusa lile tundu. Alimuuliza Inspekta kama inawezekana kumrudisha, kwani Inspekta si amezoea kesi za namna hii, na yeye mwenyewe amesema nini hasa ambacho hakiwezi kusameheka? Inspekta alikuwa anakunja kebo zake. Aliwahi kuuliza swali hilo hilo, neno kwa neno, akiwa ameketi jikoni kwake na kijitabu cha dakika mkononi, na hakuna aliyekuwepo wa kumjibu.

"Seva imepona," alisema. "Kwenye ripoti nitaandika hilo tu."